Pensheni Yangu Mfukoni mwa Mkwe

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na naomba Mama Chelangat asisome hapa. Ni siku niliyokaa mezani na mkwe wangu, mimi upande huu, yeye upande ule, na kila mmoja wetu akaongea na simu badala ya kuongea na mwenzake. Nilikuwa kijana siku hiyo. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa nimestaafu juzi tu, na mstaafu mpya hana tofauti na kijana aliyetoka jandoni: amejazwa maneno, amevishwa heshima mpya, anadhani amekuwa mzee, kumbe ndipo anaanza kujikwaa.

Nikueleze kwanza mimi ni mtu wa aina gani, ili usinionee huruma mahali pasipostahili. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa karani wa stoo ya serikali Kericho, na nikakaa hapo hapo mpaka nikastaafu. Kila waliponiletea habari ya uhamisho, mgongo ulianza kuniuma, na uhamisho ukipita mgongo unapona. Jumamosi napanda gari narudi kwangu upande wa Merigi, kwa chai yangu, ng'ombe wangu na kiti changu. Safari yangu ndefu kabla ya hii, ukiacha ya kazini, ilikuwa kwenda Mulot kununua fahali, na hata huko nilipotea nikaonyeshwa njia na mtoto wa shule.

Mtu kama huyo ndiye aliyepelekwa Marekani.

Ilikuwa hivi. Binti yetu Chelangat, aliyeolewa huko na kijana wetu wa hapa hapa Bomet anayeitwa Weldon, alijifungua. Kwa desturi ni mama anayekwenda kulea mjukuu. Tukaomba viza wote wawili, mama kama mlezi na mimi kama wa kumbebea mfuko. Mama akanyimwa. Mimi wa mfuko nikapewa. Mpaka leo sijui waliona nini kwa uso wangu, labda waliona mtu ambaye hawezi kukosa kurudi kwao. Mama Chelangat alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Haya, nenda ukanyonyeshe."

Sasa fikiria shida yangu. Sisi tulivyolelewa, baba halali usiku kwa mkwe. Anakaribishwa, anapewa chai na nyama, anasifiwa, na jua kabla halijazama anaaga. Mkwe naye haongei ovyo mbele ya baba wa mke wake, wala hawaombani kitu. Nilifundishwa hayo jandoni na mzee arap Mibei, aliyekuwa mwalimu wangu kule, yule tunayemwita motiriot. Mengine aliyonifundisha hayasemwi, lakini hilo la mkwe linasemwa. Na mimi sasa nilikuwa naenda kulala kwa mkwe, kuoga kwa mkwe, na kula kwa mkwe miezi na miezi kama ndama aliyefungwa. Nikaona haya. Nikajiambia, angalau nisile bure. Mkono mtupu haulambwi.

Ndipo nikapata akili, na Mungu akuepushe na mtu wa nyumbani akipata akili. Nilimwomba Chelangat namba ya akaunti ya bwana yake. Akauliza, "Ya nini, baba?" Nikasema ni ya kuwekwa tu, huenda ikahitajika. Nikaenda benki mjini, mahali pensheni yangu inapoingia, nikamwambia mama wa meza ya huduma kwamba kila mwezi pensheni ikiingia, waitume Marekani.

"Kwa akaunti yako huko?" akauliza.

"Mimi ni mgeni tu, sina akaunti huko. Ni ya mkwe wangu."

Aliacha kuandika akaniangalia. "Na mama wa nyumbani, mzee, atatumia nini?"

"Ana chai. Kiwanda kinalipa kila mwezi."

"Sawa, mzee," akasema, kwa sauti ile mtu anayotumia akiona mwenzake anaingia matopeni na viatu vipya. "Weka sahihi hapa."

Mwanangu, mpango wangu ulikuwa mzuri sana kichwani. Pesa itaingia kwa Weldon, ataelewa bila kuambiwa. Atatoa ya chakula, inayobaki atanipa, nami nitamtumia mama. Kosa la mpango huo ni kwamba ulikuwa kichwani mwangu peke yangu.

Nikafika. Theluji imejaa mpaka dirishani, mjukuu analia, Chelangat anakwenda kazini asubuhi, Weldon anarudi kutoka kazi ya usiku ya kutunza wazee wa huko. Nyumba ilikuwa na ujia mmoja mwembamba, na mimi kabla ya kutoka chumbani nilisimama mlangoni nikisikiliza kama mkwe anapita. Baadaye nikagundua naye alikuwa anasikiliza. Siku moja tulitoka wakati mmoja, tukaonana, na kila mmoja akarudi chumbani kwake haraka kama panya wawili walioonana ghalani.

Mwezi ukaisha, pensheni ikaingia kwake. Nikangoja. Weldon akaniamkia kwa heshima, akaninunulia koti, akakaa kimya. Mwezi mwingine ukaisha, vile vile. Kumwuliza siwezi. Nikajaribu kuzunguka. Nikasema nikiangalia dirisha, "Nyumbani saa hii ni wakati wa mbolea."

"Ni kweli, mzee," akasema.

"Na mbolea siku hizi imepanda bei."

"Imepanda sana, mzee."

Tukaishia hapo. Tulikubaliana kabisa kuhusu mbolea.

Huku nyumbani mvua ya mawe ilipiga kilima chetu. Wewe uliyezaliwa hapa unajua maana yake. Asubuhi majani ni ya kijani, jioni shamba limebaki vijiti, na kwa muda mrefu hakuna cha kuchuma wala cha kupeleka kwa kituo cha kununulia. Mimi sikujua. Tulipopiga simu, Chelangat aliweka sauti ili sote tusikie, na mama hangeweza kusema shida mbele ya mtoto aliyetoka kujifungua. Nikauliza, "Chai iko?" Akajibu, "Iko." Na kweli ilikuwako, vijiti vyake. "Ng'ombe wako?" "Wako." "Dawa yako ya presha unameza?" Hapo alikohoa kidogo kisha akauliza kama mtoto ameota jino. Ningekuwa mtu wa kusikiliza ningesikia kile kikohozi. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio cha akina mama wa kwetu hakina sauti.

Basi, ile siku. Ilikuwa asubuhi kule, huku jua lilikuwa limeanza kushuka. Chelangat ameenda kazini. Mimi nimepakata mjukuu, Weldon ametoka kazini na anaosha kikombe chake amenipa mgongo, kwa heshima. Simu yangu ikalia. Arap Mibei.

Huyo mzee ni wa rika la baba yangu. Ameshika fimbo mkono mmoja na simu mkono mwingine, na huwa hajui ni gani ya kuegemea. Hata mimi niwe na wajukuu kumi, kwake bado ni weri, yaani kijana.

"Weri," akasema. "Uko wapi?"

"Niko Marekani, mzee."

"Najua uko Marekani, ulituaga kanisani mpaka chakula kikapoa. Nauliza wewe uko wapi? Mimi niko Mulot, sokoni, na bibi yako amepita mbele yangu akivuta ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Yule mweusi."

Nilihisi mjukuu amekuwa mzito ghafla. Yule mweusi alikuwa ng'ombe wa mahari. Baba ya Weldon alimleta siku walipomchukua Chelangat, akiwa mtamba, na ndiye aliyekuwa anajaza kibuyu chetu cha maziwa. Ng'ombe kama huyo hauzwi, mwanangu. Anakufa kwako, na wakati huo hata ngozi yake unaitunza.

"Kwa nini anauza?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye nimemwoa? Mawe yamemaliza chai, wachumaji wameenda zao, na jirani yako amesema mama hana dawa ya presha kwa siku nyingi sasa. Sasa mimi nakuuliza wewe. Ile pesa ya serikali inaenda wapi?"

Nikashusha sauti. "Iko huku."

"Huku wapi? Ongea kama mwanaume."

"Kwa mkwe."

Nikasikia ng'ombe wa Mulot wakilia na madereva wa malori wakipigiana honi. Kisha mzee akasema polepole, "Umempa mkwe mshahara wako wa uzee."

"Sikumpa. Iliingia tu kwake."

"Na ukamwambia ni ya nini?"

"Mzee, si wewe ulinifundisha? Ulisema mkwe haombwi."

"Lo!" Nilijua amegonga fimbo chini. "Nilikufundisha nusu, hiyo nusu nyingine ulikuwa umelala. Nilisema mkwe haombwi uso kwa uso. Nikasema mkiwa na neno mnatafuta mtu wa katikati. Sikusema? Heshima ni fensi ya boma, weri. Lakini fensi ina geti. Wewe umezungusha fensi bila geti, ukajisifu ni fensi nzuri, na bibi yako yuko ndani bila maji. Heshima gani hiyo ya kuumiza mtu ambaye hata si mkwe?"

Nikampandisha mtoto begani.

"Huyo kijana yuko?" akauliza.

"Yuko hapa jikoni."

"Weka simu kwa meza. Fungua sauti."

Niliweka. Weldon alikuwa amezima maji na kusimama tu, kikombe mkononi. Arap Mibei akamwamkia. "Mkwe wetu, chamgei."

"Chamgei, mzee."

"Kaa chini. Mimi ndiye mtu wa katikati hapa. Baba mkwe wako anauliza, ile pesa ya serikali inayoingia kwako kila mwezi, iko?"

Weldon akakaa. Akaiangalia simu kama anayeangalia hakimu. "Mwambie mzee iko yote. Sijagusa hata kidogo."

"Arap Sigei," akaniita mimi, "mkwe anasema iko yote, hajagusa."

"Nimesikia," nikasema. Tulikuwa meza moja, ningeweza kumpa chumvi.

"Hujasikia mpaka mimi nikuambie. Sasa umesikia. Una lingine?"

"Mwulize kwa nini alinyamaza."

"Mkwe, anauliza kwa nini ulinyamaza."

Kijana aliweka kikombe mezani. "Mwambie niliogopa. Mwezi wa kwanza nilidhani benki imekosea. Halafu nikadhani mzee ameweka pesa kwangu asijulikane, na mtu akificha kitu kwako huwezi kumwuliza mbona unaficha. Halafu nikadhani labda ananilipia nyumba, nikaona aibu, nikasema watu wa kwetu wakisikia baba mkwe analipa nyumba yangu nitarudi nyumbani na uso gani? Nikaiweka kando. Nilikuwa namngoja aseme."

"Naye alikuwa anakungoja wewe umpe," arap Mibei akasema. "Mmekaa hapo wawili kama mawe ya jikoni, na sufuria iko Bomet."

Nikaona tunachelewa. Nikasema haraka, "Mwambie mkwe mama yuko sokoni na yule ng'ombe mweusi." Lakini Weldon hakungoja kuambiwa. Aligeuka akaniangalia machoni, mara ya kwanza tangu amwoe mtoto wangu.

"Yule wa baba?"

"Ndiye," nikamjibu.

"Ee!" simu ikapiga kelele. "Nani amewaambia muongee?"

Hatukumjibu. Weldon alikuwa ameshatoa simu yake mfukoni, anatuma pesa moja kwa moja kwa simu ya mama. Mimi nikasimama, nikakaa, nikasimama tena na mtoto, kana kwamba kusimama kwangu Marekani kungezuia kamba Mulot. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Niliijua methali hiyo tangu shule ya msingi na niliiandika kwa insha nikapata alama nzuri.

Tulimsikia mzee akitembea. Tulisikia fimbo, pumzi, watu wakimsalimia naye akiwafukuza, "Baadaye, baadaye." Tulisikia akiita jina la mke wangu. Kisha pakawa na maneno ya chini ambayo hatukuyashika, na injini ya lori ikinguruma na kwenda mbali.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya mama.

"Baba Chelangat."

"Naam."

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Mama, kuna pesa imekuja kwa simu yako sasa hivi. Mrudishie huyo mtu…"

"Nimeiona. Imelia wakati napokea ya ng'ombe. Lori imeenda, ya watu wa Narok. Tumeshapeana mkono. Mtoto amekunywa maziwa?"

"Amekunywa."

"Basi," akasema, akarudisha simu kwa mwenyewe.

Weldon aliondoka mezani akaenda kusimama dirishani. Arap Mibei akasema, sasa kwa sauti ya mzee aliyechoka, "Kazi ya mtu wa katikati imekwisha. Siku nyingine niitwe mapema." Akakata.

Nilirudi nyumbani kabla ya muda wangu. Nilienda benki na mama, tukakaa mbele ya yule mama wa meza. Alitutazama wote wawili na hakusema neno, na mimi nikamshukuru kwa hilo. Siku hizi pensheni inaingia kwangu, na siku hiyo hiyo sehemu inaenda kwa akaunti ya mama kabla sijaiona. Sijui anaifanyia nini, na nimejifunza kwamba si kazi yangu kujua, mradi kibweta cha dawa kisiwe tupu.

Weldon alitaka kununua ng'ombe mwingine wa kuziba pengo. Alituma mtu wa katikati kama inavyotakiwa, na mama akamrudisha na jibu: "Mwambie mkwe asante. Ng'ombe wa mahari haletwi mara mbili, mtoto wangu haolewi tena." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ya baridi. Nasi sasa tunanunua maziwa kwa jirani, na kila asubuhi mimi ndiye naenda na chupa, maana kuna adhabu ambazo mtu hupewa bila kesi.

Mimi nimechoka, mwanangu, na maneno yangu si mengi. Lakini haya yachukue kwenye safari yako.

Kama utastaafu na uende kukaa ng'ambo, acha jasho lako la serikali liingie benki ya nyumbani kwa jina lako mwenyewe, na yule unayemwacha awe na njia ya kulifikia bila kukupigia simu. Yule aliyebaki ndiye anayeweka nyumba yako iwe nyumba. Ukiwa huko, fanya mapema yale ya kuthibitisha kwa ofisi ya pensheni kwamba ungali hai, maana hakuna anayelipa kaburi, na ukizembea utaanza kubishana na watu kuhusu pumzi yako. Na kama ni lazima pesa yako ipite kwa mkono wa mtu, awe mkwe, awe mtoto, awe ndugu, lisemwe siku ya kwanza, kwa sauti, mbele ya mtu wa tatu: hii ni ya chakula, hii ni ya mama, hii ni yangu. Usidhani ataelewa. Kuelewa bila kuambiwa ni kazi ya Mungu peke yake.

Na wewe uliye kijana, ambaye mzazi wako au mzazi wa mke wako amekuja kulala kwako, usimngoje akuombe. Hataomba. Atakuambia habari za mbolea. Ukisikia mzee anasema habari za mbolea katikati ya theluji, tafuta mtu wa katikati upesi, na kama hakuna, jifanye wewe ndiye. Heshima isiyosaidia mtu yeyote iangalie vizuri, huenda ni woga umevaa koti la Jumapili. Na ukipiga simu nyumbani ukaambiwa "tuko sawa", zima ile sauti ya kusikika na wote, mwondokee kila mtu, halafu uulize tena.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkono wa kupokea na mdomo wa kuuliza. Miguu yako isisahau kilima chake, mvua ikija kwako iwe ya maji na si ya mawe. Na siku utakayorudi, anayekungoja akutane nawe njiani akiwa bado na nguvu za kukucheka.